Nyundo Ivuke Daraja

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Shigeki zima hiyo simu, maana pumzi iliyonibakia sina ya kushindana na vyombo. Kinue, niinue mgongo kidogo. Hapo hapo. Usinilaze tena hata ukiniona nimefumba macho, kwa kuwa nikilala chali naona dari tu, na dari hii nimeitazama vya kutosha; leo nataka kuuona mlango. Tena msiniambie "pumzika, mama". Tangu alfajiri mnanilisha neno hilo kijiko kwa kijiko, na kila mkilisema damu inanichemka. Kupumzika nitapumzika, nani asiyepumzika? Lakini nina jambo, na jambo lenyewe lina haraka kuliko mimi.

Daktari amewaambia nini kule ukumbini? Mlidhani sisikii. Katika kijiji hiki kiziwi ni mmoja tu, naye si mimi. Amesema kesho jioni sitaiona. Na keshokutwa ndiyo Asubuhi ya Kugonga. Sasa mmeona kwa nini navuta vuta shuka hii tangu asubuhi? Si maumivu, Kinue, acha kunipapasa miguu. Nimefika kwenye kufa kwangu kama mtu aliyefika kituoni siku siyo.

Mkwe wangu Sumire, wewe ulizaliwa mjini, na mume wako tangu akuoe hajawahi kukuleta hapa vuli, anakuleta kiangazi ule tikiti uondoke. Basi nitalisema hili kwa ajili yako, na hawa wengine wasikilize wajue wanachokitupa. Mwezi wa kumi wa kalenda ya wazee, miungu yote ya nchi hii hufunga safari kwenda Izumo kukutana, kupanga nani amwoe nani na mvua inyeshe wapi. Vijiji vyote hubaki bila mwenyewe. Chetu hakibaki. Babu Kiziwi wetu, aliye katika lile hekalu juu ya ngazi za mawe, hakuwahi kuusikia wito, kwa hiyo hajawahi kwenda, na mwezi mzima hulinda peke yake, bonde letu na mabonde ya jirani yasiyo na mlinzi. Siku wenzake wanaporudi hasikii pia. Ndiyo maana asubuhi ile tunapanda, tunazunguka nyuma ya hekalu, tunagonga ubao wa ukuta kwa nyundo ya mti, kwa nguvu zetu zote, na kumpigia kelele: "Wenzio wamerudi! Kaa kitako!" Asipoambiwa ataendelea kusimama mlangoni mwaka mzima, na mlinzi asiyelala mwisho huanguka.

Wageni wanaokuja na magari yao hawayajui haya. Husimama mbele, hupiga kengele, hupiga makofi mawili kwa adabu, huomba wachumba na kufaulu mitihani, hupiga picha, hushuka. Wanamwomba kiziwi kwa mnong'ono! Miaka yote hiyo nimekaa pale chini nikifagia majani na kuwaambia, "Zungukeni nyuma, wapendwa, gongeni, huku mbele mnasalimia mbao." Wengine walinicheka. Wengine walizunguka. Mnamkumbuka yule fundi wa vigae aliyekuja na dada yake? Hasikii wala hasemi tangu kuzaliwa. Dada mtu alimweleza kwa vidole mungu wa hapa yukoje, naye akanitazama kwanza aone kama ni mzaha. Akaenda nyuma, akaweka kiganja chake ubaoni, dada yake akagonga, na mshindo ukampanda mkononi. Alicheka yule bwana, mpaka akaketi chini kwenye unyevu na suruali yake safi. Kisha akasema kwa vidole, na dada akatafsiri: "Huyu simwombi kitu. Nimekuja kumjulia hali." Mimi nilikwenda kulia nyuma ya ghala. Sijapata kusikia sala nzuri kuliko ile, wala baba yenu, kuhani mzima, hakupata kuitoa.

Nimeanza kupotea njia. Nipe maji. Kidogo tu.

Haya, mali, tumalize, kwa kuwa mali ndiyo hugombanisha ndugu na matanga hayajaanuliwa. Nyumba hii ni ya Shigeki, na paa lake linalovuja ni lake pia. Kinue achukue konde la juu na mapipa yangu ya figili za chumvi, pamoja na yale mawe ya kukandamizia, msije mkayatupa mkidhani ni mawe; mawe yale yalikuwa ya mama mkwe wangu, na figili zake alinifundisha kwa matusi, lakini alinifundisha. Sumire, kimono changu cha rangi ya majivu ni chako. Usiseme "hapana, mama", najua unakipenda, niliona ulivyokishika. Hayo yamekwisha. Mtu akigombea kijiko atajua mwenyewe.

Sasa lililo zito. Mnajua mwiko wa msiba. Nikikata roho, mtaufunika kwa karatasi nyeupe ule ubao wa mungu pale juu ya mlango, na tangu saa hiyo kila aliye wa nyumba hii ana uchafu wa mauti juu yake, na kwa siku hamsini hapiti chini ya lango la hekalu. Hakuna wa kuniambia ati siku hizi watu hawajali. Mimi najali, na maiti atakuwa mimi. Basi keshokutwa nani atapanda kugonga? Shigeki hawezi. Kinue hawezi. Sumire umeolewa humu, nawe huwezi. Na mnakumbuka lile baraza la mahekalu la wilaya lilivyosema walipokuja na viatu vyao vinavyong'aa: maadamu Babu Kiziwi anagongewa kila mwaka, atakaa kwake, mwaka ambao hatagongewa, watamhamishia hekalu kubwa la mjini, wamweke kwenye rafu pamoja na wengine, na pale juu papigwe kufuli.

Shigeki, najua moyoni unaona ni afadhali. Usitikise kichwa, nilikuzaa. Unasema kule mjini kuna taa, kuna makuhani vijana, kuna maegesho. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nani kule mjini atakayezunguka nyuma? Hata huo ukuta wa nyuma hawana, wamejenga kwa zege! Atakaa kule, watu wakimnong'onezea, miezi na miaka, na asijue kwamba yuko na watu. Mimi nimekaa na upweke tangu baba yenu atutoke, naujua unavyokula. Simtakii mtu, sembuse mungu.

Lakini sikulazimishi. Mwaka ujao mkikaa mkaamua kwamba hakuna wa kugonga, mwamue, nyinyi ndio mtakaokuwa hai. Ninalolikataa ni moja: isiwe mwaka huu, isiwe kwa ajili yangu. Isisemwe kwamba Towa wa nyumba ya kuhani alimlinda mungu wake maisha yote, kisha akamfukuza kwa kufa vibaya. Baba yenu alikufa masika, maua yameanguka, hakuna sikukuu mbele wala nyuma. Yule mtu alikuwa na adabu hata katika mauti. Mimi nimejitahidi jamani, nimekunywa dawa zile chungu, nimekula uji nisioutaka, nimejibana hivi na vile nifike keshokutwa, lakini sikio la kufa halisikii dawa, na mwili huu umechoka kunitii.

Wanaoruhusiwa kugonga ni nyumba zinazoteka maji ya kijito chetu tu. Zamani zilikuwa nyingi, watoto walisukumana pale nyuma kila mmoja akitaka zamu. Leo moshi unafuka nyumba mbili. Yetu, na ile ya ng'ambo ya daraja.

Ndiyo. Ya Isaku.

Msitazamane hivyo. Jina lake nimelitaja, na nyumba haijaanguka. Sumire, wewe hujui, na hawa wanaona haya kukueleza. Sisi nyumba ya kuhani tunasimulia kwamba Babu alipata uziwi siku ya mafuriko makubwa, alipoingia chini ya maporomoko akalizuia kwa mgongo jabali lililotaka kukishukia kijiji, akasimama mpaka mtoto wa mwisho alipotolewa, na ngurumo za maji zikamuua masikio. Ndivyo ilivyo. Lakini nyumba ya Isaku tangu mababu zao wana hadithi yao ya kilevi: ati Babu si kiziwi hata kidogo. Ati siku alipokuja mjumbe wa Izumo, mjane mmoja wa hapa alikuwa anafunua chungu cha mchele mpya, Babu akanusa, akaona safari ni ndefu na wali uko karibu, akasema "Eeh? Unasemaje? Sisikii," na tangu siku hiyo uongo umemganda. Hadithi gani hiyo? Mungu mlafi!

Hilo ningelivumilia. Lakini mwaka ule walipokuja watu wa gazeti, baba yenu amevaa kofia yake ya kuhani, anawasimulia, amefika pale pa jabali, watu wote kimya, Isaku, akiwa amekwisha kunywa pombe ya mchele ya sadaka, akapaza sauti: "Kiziwi wapi! Anajifanya tu, asisikie mdomo wa Towa!" Wakacheka. Wakaandika. Mpaka leo mgeni akipanda hapa na gazeti lake la zamani huniuliza, "Ndiye wewe bibi mwenye mdomo?" Mimi siku ile nilikuwa na bakuli la supu ya uyoga mkononi, na lile bakuli nikammiminia Isaku kichwani. Sijutii. Najutia supu, ilikuwa nzuri. Tangu hapo hakukanyaga kwangu wala mimi kwake. Tukikutana darajani mmoja hutazama samaki na mwingine hutazama mawingu, na sikukuu akawa anapanda baada yetu kushuka.

Basi sikilizeni wosia wangu, nao ndio huu. Nyundo ile pale ukutani itoke humu ndani nikiwa hai. Nikifa nayo imo, imekwisha kuwa chombo cha msiba, haitagusa hekalu. Itoke, ipelekwe kwa Isaku, agonge yeye. Na wazee walisema uchafu wa mauti hauvuki maji yanayokwenda. Kwa hiyo isiishie uani, ivuke daraja, ndipo itakuwa salama. Shigeki, utakwenda wewe. Si kwa simu! Mambo haya hayaombwi kwa simu. Utapiga magoti penye kizingiti chake, uweke paji la uso chini, useme, "Mama ananituma." Akikutukana, sema ndiyo. Akinitukana mimi, sema ndiyo vilevile, lakini kwa sauti ndogo. Ndugu chungu, jirani mkungu. Chungu hiki kinapasuka, na asipokifunika yeye hakuna mwingine. Inuka basi! Unangoja nini, unafunga vifungo vya nini? Haraka haraka haina baraka, walisema, lakini leo baraka zote zimo ndani ya haraka. Fungua mlango uende.

Nini? Mbona umesimama?

Nani yuko uani?

Kinue, tazama wewe, kaka yako ameota mizizi. Nani? Isaku? Chini ya ule mti wa matunda? Tangu saa ngapi? Tangu gari la daktari lilipoingia... Amevaa nini? Nieleze vizuri, amevaa nini? Joho la sikukuu. Na amefunga vitambaa miguuni, kama wa kupanda.

Ah. Amepiga hesabu. Mzee yule alipiga hesabu kabla yangu, akaja akasimama kwenye baridi angoje kuombwa, asije akaonekana amejipendekeza. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Acheni nicheke, hakuniumizi kucheka, kinaniumiza hiki kifua tu.

Asiingie! Shigeki, mzuie, asikanyage ndani, nikifa yumo basi naye amefungwa na msiba. Abaki pale pale nje. Sumire, sukuma mlango wa karatasi wote, hata baridi iingie, niuone uso wake. Isaku! Umezeeka, ewe bwana! Unasemaje? Ati na mimi si msichana? Mnasikia? Nimelala nakufa naye hanipunguzii.

Sikiliza, Isaku, sina ya kuzungusha. Nakuomba. Umesikia? Towa anakuomba. Mgongee keshokutwa. Kwa mkono wako wote, si kwa mkono wa uvivu. Kinue, toa nyundo ukutani. Usimpe kupitia kizingiti, mpe dirishani, na mikono yenu isigusane. Hivyo. Ishike, Isaku, mpini una ufa kidogo upande wa kushoto, mume wangu Naotake aliufunga kwa uzi, usiufungue.

Sumire, unakwenda wapi na hilo buli? Rudi. Hapana, hapana chai. Moto wa humu sasa ni moto wa msiba unaokuja. Akinywa kilichochemka kwenye jiko letu ameshiriki moto wetu, na lango litamkataa. Hata ukumbini asiketi. Ona dunia, wanangu. Miaka yote hii ningeweza kumpa chai mtu huyu kila siku ya Mungu, na sikutaka. Leo nataka kuliko ninavyotaka maji, na leo ndiyo haiwezekani. Isaku, samahani ya chai. Umesikia? Ya chai tu. Ya supu hapana.

Anasema nini? Rudia, Kinue, sauti yake inakwenda mbali. Ati akigonga atamwambia nini Babu... Mwambie wenzio wamerudi, kaa kitako. Maneno ni yale yale. Tena sema kwa nguvu, hasikii.

"Anajifanya." Umesikia alivyosema, Shigeki? Mpaka leo! Hajifanyi, Isaku. Hajifanyi... Haya. Wageni wakija, wanangu, waambieni hadithi zote mbili. Yetu kwanza. Kisha yake. Wachague wenyewe.

Nenda sasa, Isaku. Nenda, usinitazame, ukinitazama tutachelewa.

Kinue, kaa dirishani. Usiangalie huku, mwangalie yeye. Nishike mkono, Shigeki, nilaze sasa, polepole, dari si kitu. Amefika wapi? Kwenye ghala. Goti lake lile... alianguka kwenye konde mwaka wa theluji, nilimwona, nikapita. Hebu tuendelee. Wanangu, mpendane. Hilo ni neno la kila mtu anayekufa, lakini mimi sina jingine bora. Shigeki, mwache mkeo aseme, una kawaida ya kumjibia. Kinue, usirudi kwenye nyumba ya watu wanaokudharau kwa sababu tu umezoea njia yake. Vuli mje hapa. Mje hata kama ni kubishana. Amefika wapi?

Mbona amesimama? Anapumzika? Sasa hivi ndiyo anapumzika! Usimwite, Kinue, akigeuka atarudi, namjua, atadhani nimemwita. Mwache. Ngojeni. Nitangoja na mimi. Nahesabu pumzi... hapana, nisizihesabu.

Msilie, nimewakataza. Mkilia atasikia, atajua, na nyundo bado iko huku. Sumire, jiume kidole. Baridi hii ni ya nje au ni yangu?

Mbarikiwe, watoto wangu. Mvua yenu iwe ya wakati wake. Mchele wenu ushike. Mlango wenu ugongwe na watu wema, na mkiitwa... msikie. Na nyumba ile ya ng'ambo... ibarikiwe. Nimesema. Ibarikiwe na yule mbishi.

Yuko wapi.

Kwenye mbao za kwanza. Aende katikati, katikati hakuna mbao mbovu... Anakwenda? Kinue, sema, usininyamazie. Macho yangu yamejifumba yenyewe, sijayafumba mimi. Sema tu.

Bado.

Bado kidogo.

...Amevuka? Miguu yote miwili? Na nyundo?

Haya. Basi lieni.